Mgongo wa Ilde

Katika mji wetu wa Varigliasco mtu haombi kiti cha mtu aliye hai. Ukimwomba jirani akuachie nafasi yake ufukoni, hata kwa mzaha, hata kwa siku moja, watu watasema umempima jeneza, na jina hilo halikutoki mpaka uzikwe. Wageni wa Torino na Milano hucheka wakisikia. Na wacheke. Kokoto za ufuko huu zinatuchoma sisi nyayo tangu utotoni, na desturi zake hatukuziokota njiani.

Nevio Traverso, kinyozi wa pale mbele ya kanisa, aliijua desturi hiyo kama anavyoujua wembe wake. Ndiyo iliyomponza.

Ghuba yetu si kubwa. Upande mmoja kuna rasi yenye mnara wa kale uliobomoka nusu. Upande wa pili treni hutokea kwenye tundu la mlima, hupiga honi, kisha humezwa na tundu jingine kabla abiria hawajamaliza kuambiana kwamba wameiona bahari. Katikati ndipo ulipo ufuko wa Iolanda. Iolanda mwenyewe tulishamzika. Siku zile za miaka ya themanini msimamizi alikuwa bintiye, Mafalda, mwanamke mpana asiye na maneno mengi, ambaye kila Juni aliipanga miavuli safu kwa safu, na kila mtu aliikuta nafasi yake pale alipoiacha mwaka jana. Wanandoa wapya huanzia safu ya nyuma kabisa, kwenye mabomba ya kuogea, ambako maji ya sabuni hupita chini ya kitanda chako cha kulalia juani. Kisha wa mbele yako wanakufa, mmoja mmoja, nawe unasogea. Nafasi hizo haziuzwi, na hakuna mlango wa nyuma. Mkijaliwa subira na afya, uzeeni mtafika safu ya mbele, ambako hakuna kitu kati yenu na maji.

Mke wa Nevio, Ilde, hakuwa wa kwetu. Nevio alimtoa bara alikokuwa jeshini, kwenye nchi tambarare ya mashamba ya mpunga. Watu wa huko hula vyura. Na sisi, tunaokula pweza na kuwanyonya konokono wa baharini hadharani bila haya, tuliona kula chura ni kichekesho cha karne.

Kiangazi chake cha kwanza Ilde alikuwa bibi harusi wa miaka ishirini, hajui hili wala lile. Akaichukua taulo yake, akapita safu zote, akaitandika pale karibu na maji, akakaa akiwapa mgongo wakubwa wa mji. Clelia, mke wa mwenye duka la dawa, hakugeuza hata shingo. Alisema tu, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mabomba:

"Mwambieni yule mama vyura bwawa lake liko nyuma."

Ufuko mzima ukaangua kicheko. Ilde aliikunja taulo yake vizuri, pembe kwa pembe, akarudi nyuma akipita katikati ya watu wale, na kila aliyempita alikuwa anacheka. Nevio alikuwa amesimama pale pale, mikono imening'inia. Kunyoa anajua, hilo hakuna anayebisha, lakini kufungua kinywa mbele za watu lilikuwa jambo lililomshinda tangu alipozaliwa.

Miaka ikapita. Ilde akajifunza lahaja yetu, akajifunza kuoka mkate bapa wa unga wa dengu, akawauguza wakwe zake mpaka mwisho. Mtoto hawakujaliwa. Kutoka mabombani wakasogea safu ya tano, ya nne, ya tatu, na hatimaye wakafika ya pili, nyuma kabisa ya mzee Ottone Bozzano. Huyu alikuwa mkuu wa stesheni mstaafu, mjane, mwenye umri uliopita tisini, na mwavuli wake ndio uliokuwa katikati ya safu ya mbele. Chini yake palikuwa na vitanda viwili: kimoja alilala mwenyewe, kingine, kilichokuwa cha marehemu mkewe, alikiwekea kofia na gazeti.

"Upara wa Ottone naujua kuliko uso wangu," Ilde alizoea kusema. "Siku akiota unywele, mimi ndiye nitakayemwambia."

Basi mwaka huo, wakati wa Kwaresima, Ilde akaanza kukonda. Chakula kikawa kinamkataa. Daktari wa hospitali ya mjini akamvuta Nevio kando kwenye baraza, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kiangazi huenda akakiona, ila vuli asiitegemee. Nevio aliporudi chumbani alikuwa amejitahidi kuurekebisha uso.

"Usijisumbue kuniigizia," Ilde alisema. "Kofia yako umeikunja mpaka imekuwa tambara. Nimeshaelewa."

Kisha Nevio akauliza, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake:

"Unataka nini, Ilde? Chochote. Wewe sema tu."

"Safu ya mbele."

"Bahari? Hilo ni dogo. Nitakupeleka alfajiri kabla watu hawajaja, utaiona yote peke yako."

"Bahari nimeiona mpaka imenichosha. Mimi sitaki kuona, nataka kuonwa. Maisha yangu yote hapa nimetazama migongo yao. Mgongo wa Clelia, mgongo wa mkwe wa Clelia, upara wa Ottone. Nataka na wao wautazame wangu. Kiangazi kimoja tu. Wakae huko nyuma, wanitolee macho, waseme, yule pale mbele ni Ilde."

"Basi nitamwambia Ottone."

"Thubutu. Niende mbele huku wananiita mpima jeneza? Ya mama vyura yananitosha. Tutangoja zamu yetu kama watu wengine. Mvumilivu hula mbivu." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Ila hiyo mbivu yenyewe iwahi, maana meno yananiisha."

Nevio aliitikia haraka mno. Alikuwa amepata kisingizio cha kutofungua kinywa, naye akakipokea kwa mikono miwili.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ni la kusikitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Nevio ndiye aliyekuwa akimnyoa Ottone. Mzee hakuweza tena kuzipanda ngazi za kanisa, kwa hiyo kinyozi alimfuata nyumbani kila baada ya siku mbili, na brashi yake, na povu lake, na wembe. Kifua cha mzee kilikuwa kinakoroma kama birika. Siku moja ya Mei, Nevio akiwa ameuweka wembe juu ya koromeo lake, Ottone alishikwa na kikohozi kirefu, kikohozi cha kumpinda mtu, akawa mwekundu, kisha mweupe. Na Nevio akafurahi.

Hakuna neno jingine la kulipamba. Alifurahi. Alijikuta anawaza moyoni: akiondoka sasa, kabla Mafalda hajapanga miavuli, zamu ni yetu. Kikohozi kikapita, mzee akafuta machozi, akasema, "Endelea." Nevio akaendelea. Alipotoka aliketi kwenye ngazi za nyumba ile na mfuko wake wa vifaa magotini, akajichukia kwa kiasi ambacho hajawahi kumchukia mtu yeyote. Siku ya pili yake alikwenda kanisani kuwasha mshumaa wa kumwombea Ottone uzima. Jioni alipopita tena aliukuta umezimwa na upepo, na hakuuwasha.

Juni ikaingia, Ottone mzima. Alishushwa ufukoni kwa gari, akashikwa mkono mpaka kwenye mwavuli wake, akalala, kofia ikalala kando yake. Nyuma yao, safu ya pili, Ilde alifika kwa miguu yake mwenyewe, fimbo mkononi, gauni la buluu limempwaya. Alikuwa bado na nguvu siku hizo. Alikuwa bado anaweza kukaa kitako asubuhi nzima na kumtania muuza samaki. Clelia aligeuka akamtazama juu mpaka chini.

"Umependeza, Ilde. Umepungua vizuri. Unatumia nini?"

"Natumia ugonjwa," Ilde alijibu. "Nikuagizie?"

Nevio alisikia, akainamisha kichwa akajifanya anatafuta kiatu.

Mtu mwenye deni la moyo hutafuta pa kulilipia. Jumatatu moja, siku ambayo vinyozi hawafungui, aliazima kigari cha magurudumu matatu cha muuza mboga, akamketisha Ilde kando yake wakabanana, wakashika barabara ya ufukweni inayozunguka majabali. Walipita chini ya misonobari, wakapita kuta za mawe zilizojengwa na babu zetu kushikilia mizabibu isiporomokee baharini. Walisimama juu ya kila kijighuba wakachungulia maji ya kijani yaliyotulia kati ya miamba. Walishuka kwenye kikanisa cha mabaharia, kile chenye picha za merikebu zilizonusurika dhoruba, Ilde akazitazama moja moja. Mchana waliketi kwenye ncha ya rasi, mgongo kwenye mnara, wakala mkate bapa wenye vitunguu. Kutoka pale pwani yote ilikuwa inaonekana, mlima baada ya mlima, mpaka ule wa mwisho ulipokuwa kivuli tu.

"Unaonaje?" Nevio aliuliza. Alikuwa na matumaini.

"Pazuri. Nani atabisha? Pazuri mno." Ilde akapangusa makombo. "Ila hapa ananiona nani? Mbuzi?"

Nevio alicheka mpaka akalia, na alipoanza kulia ilimwia vigumu kuacha. Ilde akampa leso yake, akaangalia chini, ambako miavuli ya Iolanda ilikuwa midogo kama vifungo vya shati.

"Ule wa katikati," alisema. "Ndio ule."

"Nauona."

"Nevio. Usimtakie mtu mabaya kwa ajili yangu."

"Simtakii."

"Haya," alisema Ilde, na mumewe akajua kwamba hakuaminiwa.

Angesema siku hiyo hiyo. Angeshuka na kigari kile moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Ottone, akasema. Lakini utamwomba vipi mtu kitu, ilhali umekuwa ukimpigia kura ya kifo wiki baada ya wiki huku unampaka povu? Aibu ya kuomba ilikuwepo tangu zamani. Sasa juu yake imepanda aibu nyingine kubwa zaidi, na chini ya zote mbili Nevio akawa hawezi hata kupumua. Kwa hiyo Juni ikaisha. Julai ikaingia. Ilde akaacha fimbo akashika mkono wa mumewe, kisha mkono nao ukawa hautoshi, ikabidi amkumbatie kiunoni kwenye kila ngazi. Na kila siku Nevio alijiambia kesho. Mtu mzima, nywele zimejaa mvi, anaogopa mdomo wake mwenyewe! Hata sasa nikikumbuka napandwa na hasira.

Ikafika asubuhi ambayo Ilde alibaki kitandani, akaugeuzia uso ukuta.

"Leo sishuki," alisema. "Nenda wewe."

Hakuwahi kusema hivyo. Nevio hakwenda ufukoni. Alichukua vifaa vyake akaenda kwa Ottone, ingawa haikuwa siku ya kunyoa. Mzee hakuuliza kwa nini. Alijiketisha dirishani, akajifunga taulo mwenyewe, akainua kidevu. Nevio akapaka povu, akaufungua wembe, akaukunja tena.

"Mzee, nina jambo."

"Unalo tangu Kwaresima," Ottone alisema bila kufumbua macho. "Unadhani mimi gogo? Kila nikikohoa wembe wako unasimama. Unasikiliza. Kinyozi mzima umegeuka daktari wa kifua changu."

Povu likaanza kukauka kwenye mashavu ya mzee.

"Usione haya peke yako," Ottone aliendelea. "Mbele yangu alikuwepo yule jaji, unamkumbuka, mwenye masharubu. Nilimsubiri miaka na miaka. Alipokufa nilikwenda mazikoni na tai nyeusi, nikarudi nyumbani nikafungua divai. Kwa hiyo kusubiri nakujua. Ninachokushangaa wewe ni kimoja tu. Vitanda viko viwili."

"Vitanda gani?"

"Chini ya mwavuli wangu. Kimoja nalala mimi, kingine inalala kofia. Nani alikwambia lazima nife ndipo mkeo apate pa kukaa? Ungesema, mzee, ondoa kofia. Basi. Mwomba chumvi huombea chungu chake, hachekwi. Nimeisubiri hiyo 'ondoa kofia' tangu mwezi wa tano. Kuwaita mwenyewe nisingeweza, mjane kumwita mke wa mtu kwenye kitanda cha marehemu, Clelia angepata la kusema mpaka Krismasi. Ilikuwa kazi yako wewe. Na wewe ukaona ni rahisi kunitakia kifo kuliko kuniomba."

"Nisamehe, mzee."

"Nitakusamehe ukinitoa povu hili, linaniwasha. Jumapili mlete. Mwambie Ilde Ottone anamkaribisha."

Nevio alimnyoa haraka na vibaya, pengine mara yake ya pekee, akatoka mbio kama mtoto aliyefunga shule. Njia nzima alikuwa anasema peke yake, vitanda viwili, vitanda viwili. Vilikuwepo mbele ya macho yake kila siku. Angeweza kuomba Juni, Ilde alipokuwa anatembea. Angeweza kuomba hata mwaka jana, alipokuwa mzima na mnene na kicheko chake kinafika barabarani. Alikuwa anafurahi na anaumia kwa pamoja, na hakujua ashike lipi.

"Umemwomba?" Ilde aliuliza alipoambiwa.

"Amekukaribisha mwenyewe. Amekutaja kwa jina."

Ilde alimkazia macho kwa muda. Halafu akaketi kitandani bila kusaidiwa.

"Basi nitengeneze nywele."

Nevio akamwosha nywele zilizobaki, akazikata, akazikunja moja moja kwa vidole vile vile vilivyonyoa mji mzima. Ilde akataka gauni lake jekundu litolewe kabatini, lile lenye mgongo wazi, alilolinunua zamani na hakupata kulivaa kwa sababu, alisema, safu ya pili halina maana. Jirani akaja kulibana kwa pini pande zote. Walicheka wale wanawake wawili, maana pini zilizidi kitambaa. Usiku huo Ilde alikunywa mchuzi bakuli zima.

Jumamosi mchana ukaanza upepo wa kusini-magharibi. Sisi tunaujua huo, hauji kwa kubisha hodi. Bahari ilibadilika rangi, ikaanza kuguna kwenye miamba ya rasi, na kabla ya giza Mafalda na wanaume wa baa walikuwa wanang'oa miavuli na kuibeba mabegani. Jumapili mawimbi yalipanda mpaka safu ya nne yakatupa kokoto barabarani. Ilde alivaa gauni lake hata hivyo. Aliketi jikoni tangu asubuhi, nywele zimepangwa, mikono mapajani, akiusikiliza mshindo.

"Kesho utatulia," Nevio alisema.

Haukutulia kesho, wala siku iliyofuata. Na ulipotulia, Mafalda alipokwisha kuzirudisha safu zote mahali pake, Ilde alikuwa hali kitu, maji anapewa kwa kijiko. Daktari akakataza asiguswe. Jirani akasema mwache apumzike, amekwisha kuteseka vya kutosha. Ilde akafumbua macho, akasema neno moja.

"Nipeleke."

Nevio akamvika lile gauni. Safari hii pini hazikuwa na pa kushika. Akamketisha kwenye kiti cha jikoni, akamfunga kiunoni kwa shuka ili asianguke, na muuza mboga na mwenye baa wakakinyanyua kiti kila mmoja upande wake. Walishuka ngazi polepole, wakapita mabombani, wakaingia katikati ya watu. Jua lilikuwa kali, bahari imelala, na ufuko ulikuwa umejaa pomoni. Nevio alitembea kando ameushika mkono wa mkewe. Kelele za watoto zilikuwa zinakatika kila walipopita.

Ottone alikuwa amesimama ameegemea fimbo. Aliiondoa kofia kitandani, akaivaa.

"Karibu, Ilde," alisema.

Ilde hakutaka kulazwa. Wakamweka kitako pembeni mwa kitanda, uso kwenye maji, na Nevio akapiga magoti kwenye kokoto mbele yake akamshika mabega asiyumbe. Kichwa chake kilikuwa kizito, macho yamefumba. Nyuma ya gauni lile jekundu mgongo wake ulikuwa wazi wote, mifupa imejipanga chini ya ngozi.

"Safu ya ngapi hii?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya kusikilizwa kwa sikio la karibu.

"Ya mbele."

"Mbele kabisa?"

"Kabisa. Hakuna mtu kati yako na maji. Ni mimi tu, na mimi nimepiga magoti."

Ilde akapumua. Alikaa hivyo kwa muda, maji yakija na kurudi karibu na miguu ya Nevio.

"Wananiona?"

Nevio akainua macho juu ya bega lake, akatazama nyuma.

Kwetu Varigliasco hatumkodolei macho mtu anayekufa. Tunafundishwa tangu tukiwa wadogo, kama tunavyofundishwa kuvua kofia jeneza likipita. Ndiyo heshima yetu ya mwisho, na tunaitoa kwa moyo safi. Hakuna aliyewaambia siku ile. Kina mama walikuwa wamewageuza watoto wao nyuso. Wengine walikuwa wamekunja taulo zao kimyakimya na kwenda kusimama mabombani, wakiuangalia ukuta. Waliobaki walikuwa wameinamisha vichwa, na wenye magazeti wameyainua juu. Hata Ottone alikuwa ameisogeza fimbo yake hatua chache, akatazama rasi. Clelia alikuwa amekigeuza kitanda chake chote kikaelekea mlimani, na kwa jinsi mabega yake yalivyokuwa yanatikisika alikuwa analia. Safu ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka nyuma kabisa, Nevio alitafuta jicho moja tu, akalikosa.

"Nevio? Wananiona?"

"Wote," alisema Nevio.

"Clelia je?"

Nevio akamshika mabega vizuri zaidi.

"Clelia hapepesi."

Ilde akajikaza, akaunyoosha mgongo.